Mwiko wa Makokha

Shule ya Msingi, S.L.P. Malava
24 Januari 1998

Mpendwa Chemutai,

Kadi yako ya Krismasi ilinifikia shule zilipofunguliwa. Nilipoona umeandika "Daktari" mbele ya jina lako nilicheka peke yangu ofisini hadi mwalimu mkuu akainua kichwa. Msichana aliyekuwa akizimia kila tulipopasua chura kule shuleni Mukumu, leo anazalisha wanawake Eldoret! Cleophas anakusalimu. Bado anaendesha trekta la miwa, na mwaka huu miwa ya Kabras imeiva yote kwa pamoja kama iliyoambiana, basi mume wangu namwona akiwa na masizi usoni na usingizi machoni.

Sasa nina swali la kidaktari. Yupo mama mmoja jirani yetu, ana mimba ya miezi minne. Mtoto wake wa kwanza alikufa kabla ya kufikisha miaka miwili, kwa homa, kuhara na kukonda. Alipoenda kliniki na mimba hii, mtawa mmoja muuguzi alimshauri apimwe damu. Amepimwa, na akapimwa tena. Ana virusi vya ukimwi. Hajamwambia mume wala mama mkwe. Ameniambia mimi kwa kuwa ni mwalimu, na anadhani walimu wanajua. Mimi sijui. Watu hapa wanasema mama akiwa navyo, mtoto ndiyo basi, na kulea mimba ya namna hiyo ni kuchimba kaburi mapema. Mama huyo anataka kujua kama ni kweli. Anataka kujua kama kuna jambo lolote, hata dogo, linaloweza kufanywa ili mtoto aliye tumboni mwangu asipatwe.

Nijibu upesi. Barua ipitie shuleni, isije nyumbani.

Rafiki yako wa dawati moja,
Nekoye


Eldoret
2 Februari 1998

Nekoye dada yangu,

Barua yako niliisoma wodini nikiwa nimesimama, halafu nikaingia stoo ya mashuka nikaisoma tena nikiwa nimekaa.

Mwambie huyo mama kwamba wanaosema "mtoto ndiyo basi" wamekosea, tena wamekosea sana. Hata pasipofanywa lolote, watoto walio wengi wa akina mama wenye virusi hawaambukizwi. Katika watoto kumi, watatu hivi au wanne ndio hupatwa, na hao nao tunaweza kuwapunguza. Virusi humfikia mtoto tumboni, au wakati wa kuzaliwa, au kupitia maziwa ya mama. Njia hiyo ya maziwa tunaweza kuifunga kabisa. Ile ya kuzaliwa tunaweza kuibana.

Azalie hospitali, na wakunga waambiwe mapema, wasiipasue chupa ya maji ya uzazi kabla ya wakati wake wala wasimkate bila sababu. Kuanzia sasa yeye na mumewe watumie kondomu. Kama mume hana virusi, asipate. Na kama anavyo, wasizidishiane, maana mama akiongezewa virusi akiwa na mimba hatari kwa mtoto inapanda. Homa yoyote itibiwe haraka. Na kama nyumbani kuna ng'ombe wa maziwa, kuni za kutosha, maji ya kuchemsha na mtu wa kumsaidia, mtoto asinyonye kabisa. Asinyonye leo akanywa kikombe kesho. Kuchanganya si kinga. Lakini kama hayo yote hayapo, aniandikie kwanza, kwa sababu maziwa machafu nayo huua, tena haraka kuliko ukimwi.

Kuna jambo siwezi kuliruka. Umeandika "mtoto aliye tumboni mwangu." Nilikuja kumzika Nasambu, nakumbuka alivyokuwa mwepesi ndani ya sanduku lile. Huna haja ya kunijibu lolote kuhusu hilo. Ujue tu kwamba nimekusikia na niko palepale nilipokuwa.

Mwambie Cleophas. Hakuna mtu awezaye kuchemsha maziwa kwa siri katika boma la watu.

Chemutai


Malava
21 Februari 1998

Chemutai,

Ndiyo, ni mimi.

Nilitaka kuichoma barua yako. Badala yake nimeisoma hadi nimeijua kwa moyo, hasa pale pa watoto kumi. Wiki hii nilikuwa nafundisha sehemu katika hesabu, na kila sehemu niliyoandika ubaoni ilikuwa na sura ya mtoto.

Nimemwambia Cleophas. Nilimfuata mtoni Jumapili baada ya ibada, akiwa anaosha trekta. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Nikasema machache, na hata hayo niliyasema vibaya. Aliendelea kulisugua gurudumu moja kwa muda mrefu. Nilikuwa nikingoja aniulize nimevitoa wapi virusi, na moyoni nilikuwa nimekwisha kuanza kumjibu kwa ukali. Hakuuliza. Alikamua kitambaa, akasema, "Nasambu alituonyesha. Sisi ndio tulikataa kuona." Kisha akauliza kama ng'ombe wetu mmoja atatosha.

Siku chache baadaye alipimwa, naye anavyo. Jioni ileile akaanza kuchimba msingi wa jiko dogo nyuma ya nyumba, ili nipate mahali pa kuchemshia bila macho ya watu. Tangu hapo akirudi kutoka kazini hakai. Anakandika udongo huku akipiga mluzi, na mimi namkabidhi maji. Sijui kama ni dhambi, Chemutai, lakini tuna furaha. Kwa mwezi mzima nilikuwa nikibeba mtoto aliyekwisha kufa. Sasa nabeba mtoto wa kupiganiwa.

Kikwazo changu ni mama mkwe. Unamkumbuka Mama Ronika, yule aliyewafukuza waombolezaji waliokuja kula tu. Anaishi ng'ambo ya uwanja wetu, na hajui lolote. Amekwisha kukausha nafaka ya wimbi kwa uji wa kuniletea maziwa kifuani. Nitamwambia nini?

Nekoye


Eldoret
18 Machi 1998

Nekoye,

Kaa chini kwanza, usisome ukitembea.

Nimerudi jana kutoka semina ya madaktari Nairobi. Siku ya pili alisimama daktari mmoja akatuonyesha matokeo yaliyotoka Thailand mwezi uliopita. Akina mama walipewa vidonge vya AZT wiki nne za mwisho za mimba na wakati wa uchungu, wasinyonyeshe, na maambukizi kwa watoto yakapungua karibu nusu. Nusu, Nekoye, kwa vidonge vya wiki chache. Watu wote ukumbini wakaanza kuzungumza kwa pamoja kama wanafunzi mwalimu akitoka darasani. Jirani yangu, mzee aliyezalisha wanawake tangu mimi sijazaliwa, alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Tangu nianze kazi hii nimekuwa nikiwaambia watu habari mbaya kwa sauti nzuri. Sasa nina habari nzuri, na sauti imenipotea.

Dawa hiyo haipo hapa, wala Kakamega haipo. Nairobi wanayo watafiti, na matajiri wachache. Nilimfuata yule daktari hadi mlangoni nikamwomba ya mama mmoja tu. Ameahidi kuniulizia, nami nitamsumbua kila wiki. Nataka uwe nayo mkononi katikati ya mwezi wa tano.

Kuhusu maziwa: vipimo viwili vya maziwa ya ng'ombe, kimoja cha maji, sukari kidogo, yote yachemke. Mnyweshe kwa kikombe kidogo, polepole. Chupa ya kunyonyea usiiguse, haisafishiki vizuri ikaaminika. Kila maziwa yatengenezwe wakati wake. Yaliyobaki kunywa wewe.

Kwa Mama Ronika sina dawa. Wewe ndiye unayemjua.

Chemutai, mwenye haraka


Malava
9 Juni 1998

Chemutai,

Vidonge havijafika, lakini mtoto amefika.

Alikuja wiki mbili kabla ya siku zake, tarehe mbili, mchana, mvua ikinyesha. Uchungu ulinianzia darasani nikiwa nimeshika chaki. Cleophas aliacha trekta katikati ya shamba la miwa na injini ikinguruma, akatafuta gari la mwalimu mkuu. Wakunga walikuwa wameambiwa. Walifanya kila ulichokiandika: hawakuipasua chupa, hawakunikata. Tena mtoto alipotoka walimpangusa vizuri kabla ya kunionyesha. Ni mvulana. Ana sauti ya mnada.

Tumemwita Makokha, jina la mtoto anayezaliwa baada ya kifo. Wazee wetu walimpa mtoto kama huyo jina la jalala ili kifo kimdharau kipite. Mimi ni mwalimu, najua kifo hakisomi majina. Hata hivyo nimekubali haraka.

Hajanyonya. Anakunywa kwa kikombe, ulimi mbele kama paka. Vizuri. Lakini akilia, maziwa yangu hutiririka yenyewe hadi kwenye mkanda. Nimejifunga kifua kwa leso kama walivyosema wakunga. Jambo hilo ndilo gumu kuliko kuzaa.

Usijilaumu kwa vidonge. Najua unajilaumu.

Nekoye


Eldoret
19 Juni 1998

Dada yangu,

Karibu Makokha. Wauguzi wa zamu yangu wamenisikia nikipiga kelele ofisini, ikabidi niwaambie nimepata mpwa.

Kifurushi cha AZT kilitoka Nairobi na kunifikia siku ileile niliyopokea barua yako. Nilikiweka mezani nikakitazama. Halafu nikampa mama mmoja wa hapa ambaye siku zake zilikuwa zinafaa. Nilimwambia kimetoka kwa rafiki yangu wa Kabras aliyejifungua mapema. Anakushukuru.

Sasa yabaki maziwa na subira. Damu ya mtoto bado ina kinga alizozichukua kwako, na kipimo chetu husoma kinga hizo, si virusi vyenyewe, kwa hiyo kikisema "anavyo" leo hakina maana. Tutampima akifikisha mwaka mmoja na nusu. Najua ni mbali. Endelea kuchemsha.

Chemutai


Malava
30 Agosti 1998

Chemutai,

Yamefumuka, na sijui nianzie wapi.

Mama Ronika alivumilia mwezi wa kwanza. Nilimwambia nina majipu ya kifua. Akaniletea dawa za majani, nikazishukuru, nikazimwaga. Mwezi wa pili alianza kusema kwa sauti, akifagia, kwamba kuna wanawake waliosoma mpaka wakasahau matiti ni ya nini. Wiki iliyopita nilirudi kutoka dukani nikasikia Makokha amenyamaza kwa namna nisiyoizoea. Nikaingia kwa mama mkwe. Maurine, dada yake Cleophas, ambaye ana mtoto mchanga wa kwake, alikuwa ameketi kitandani amefungua blauzi, na mama mkwe ndiye anayempakatisha mtoto wangu. Midomo ilikuwa imekaribia kugusa.

Nilimnyakua mtoto hata Maurine akapiga yowe. Mama mkwe akasimama mlangoni, akasema sitatoka humo ndani mpaka nimweleze ni chuki gani niliyo nayo kwa maziwa ya watu. Nikasema, "Mama, maziwa yangu yana ugonjwa uliomuua Nasambu. Na ya Maurine hatujui. Sitaki kumzika na huyu."

Alikaa chini sakafuni. Maurine alianza kulia. Baadaye mama mkwe akauliza, "Na Cleophas?" Nikaitikia kwa kichwa. Akasema niende.

Hakunisemesha siku tatu. Hakuwasha hata moto wake; tuliona nyumba bila moshi. Cleophas alitaka kwenda, nikamzuia. Siku ya nne asubuhi nikamkuta kwenye jiko langu dogo, amekwisha chemsha maji, anasugua kikombe cha Makokha kwa majivu. Akaniuliza vipimo. Nikamwambia. Akavirudia kama mtu anayekariri zaburi.

Sasa sikiliza. Jumapili wanawake wa jirani walikuja kumwona mtoto, na kama kawaida wakauliza mbona hanyonyi. Mama Ronika akajibu kabla yangu. Alisema katika ukoo wao mtoto anayefuata kifo hanyonyeshwi na mama yake. Ni mwiko, ukivunjwa mtoto humfuata mwenzake. Alisema mimi nilitaka kunyonyesha na yeye ndiye aliyenikataza. Wanawake waliguna kwa heshima. Hakuna mwiko kama huo, Chemutai. Haujawahi kuwapo. Ameutunga palepale, uso mkavu, huku akipepeta maharagwe.

Walipoondoka nilimwangukia shingoni. Akaniambia niangalie maziwa, yanafurika.

Nekoye


Eldoret
14 Septemba 1998

Nekoye,

Nimecheka hadi nimeshika mbavu. Nimewasimulia wenzangu bila kutaja majina, na sasa kila mmoja wodini anatamani mama mkwe wa namna hiyo. Sisi tunaandika mabango na kuitisha semina, yeye amefunga midomo ya kijiji kizima kwa ungo wa maharagwe. Mwambie Daktari Chemutai anamvulia kofia.

Makokha anaongezeka uzito? Niandikie.

Chemutai


Malava
7 Machi 1999

Chemutai,

Uliuvulia kofia mwiko, nami niliushangilia. Tulikosea sote.

Unamjua Rasoa, anayeuza ndizi njia panda. Alifiwa na mtoto mwaka juzi kwa surua. Mwezi wa kwanza amejifungua msichana. Mwanamke ana afya, amejaa maziwa, lakini alisikia mwiko wa Mama Ronika akaogopa. Akamwachisha mtoto akiwa na wiki mbili na kununua chupa ya kunyonyea sokoni. Hana ng'ombe, maziwa ni ya kuomba, na kuni ni za kuokota. Jumatatu iliyopita Maurine alikuja mbio kuniambia kwamba mtoto wa Rasoa ana macho yaliyozama na halii tena.

Tulimkimbiza hospitali, Cleophas akiendesha baiskeli na Rasoa nyuma na mtoto kifuani. Walimpa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko mpaka akakojoa, kisha muuguzi akamrudisha kwenye titi. Amepona. Rasoa aliporudi alikuja kumwomba msamaha Mama Ronika kwa kuuvunja mwiko. Alipiga magoti, Chemutai. Nilimwona mama mkwe akigeuka rangi ya jivu.

Jana kulikuwa na mkutano wa akina mama kanisani. Mama Ronika hakuniambia kitu. Baada ya sala alisimama akasema, "Mwiko ule niliutunga mimi. Ni uongo. Kila mama mwenye maziwa amnyonyeshe mtoto wake." Kanisa likavurugika. Mmoja akauliza, basi kwa nini alimkataza mkaza mwana wake? Akanyamaza. Mwingine akasema kwa kejeli kwamba labda uzee umeanza kumla akili. Waliendelea kumrushia maneno na yeye amesimama, mikono ameikunja juu ya tumbo, na nikaelewa kwamba atasimama hivyo mpaka jioni, atoke humo akiwa mwongo na mchawi, kuliko kunitaja.

Nikasimama. Nikasema, "Hakunikataza yeye, amenikataza daktari. Mimi nina virusi vya ukimwi. Nilimnyonyesha Nasambu bila kujua. Makokha nimemnyima titi ili aishi." Halafu nikaeleza yote uliyonifundisha: watoto kumi, njia za virusi, kwa nini mimi nisinyonyeshe na kwa nini Rasoa anyonyeshe. Nilieleza kama ninavyofundisha darasa la sita, nikaona mkono wangu unatafuta chaki.

Wengine walitoka, mmoja wao akapangusa benchi nilipokuwa nimekaa. Wazazi wawili wamekwisha kwenda kwa mwalimu mkuu kuomba watoto wao wahamishwe darasa. Amewaambia shule ina darasa la sita moja tu. Lakini Rasoa alikuja akakaa karibu yangu, bega kwa bega, na akamnyonyesha mtoto wake hapo hapo mbele ya watu wote.

Naogopa, na bado moyo unanienda mbio kama mtu aliyeshinda mashindano. Nini kitafuata sijui.

Nekoye


Eldoret
20 Machi 1999

Nekoye,

Sijawahi kusoma barua ikanitia aibu na fahari pamoja. Ningepaswa kuliona hilo nilipokuwa nacheka. Niliwaambia ninyi wawili jambo lililowafaa ninyi, sikufikiri litasafiri peke yake bila maelezo yake.

Basi haya hapa, na uyaseme kwa yeyote atakayeuliza. Mama asiye na virusi amnyonyeshe mtoto, hakuna chakula kinachoshinda hicho. Asiyejua kama anavyo, naye anyonyeshe, lakini afanye bidii ajue. Aliye navyo azungumze na daktari kabla ya kuzaa, wapime pamoja uwezo wa nyumba yake. Hakuna kanuni moja ya kijiji kizima. Na benchi halimwambukizi mtu, wala kikombe, wala mkono. Mwambie aliyepangusa kwamba amelisafisha tu, asante.

Mimi na wewe tuna miadi mwezi wa kumi na mbili. Mlete Makokha na Cleophas. Nitachukua damu mwenyewe na sitamwachia mtu mwingine majibu.

Nakupenda, mwalimu.

Chemutai


Malava
12 Desemba 1999

Kwa Daktari Chemutai,

Mimi naitwa Ronika, mama yake Cleophas. Sijui kuandika. Huyu anaandika ni Maurine, na nimemwambia aandike vile ninasema, asirekebishe. Nekoye yuko shambani, hajui kama tunaandika.

Ile siku walikuja kwako Eldoret mimi nilibaki nyumbani. Nilipika obusuma, ugali yetu, nikaiacha kwa sufuria mpaka ikakauka. Nilifagia uwanja, nikafagia tena, kuku wakanishangaa. Jua ikianza kurudi chini nikawaona wametokea kule barabarani. Cleophas amebeba mtoto kwa mabega. Nekoye ako mbele, anatembea haraka, viatu ameshika kwa mkono. Hapo nikajua. Mtu ako na habari mbaya havuangi viatu ndio afike mbio. Akafika akanishika mikono, akasema, "Mama, Makokha hana." Akasema umepima mara mbili, na mara ya pili wewe mwenyewe ulikaa chini.

Mimi nilienda nikashika ingokho, kuku yangu ile kubwa ya mayai, ile nilikuwa nakatazanga watu kugusa, nikachinja. Cleophas alicheka mpaka kukohoa. Mtoto alikula kipande ya paja, akatupa mfupa, akaomba ingine.

Sijasahau kwamba hawa wawili bado wako nayo. Nekoye ameanza kukonda hapa kwa shingo, na hiyo kukohoa ya Cleophas mimi nasikianga. Nimeambiwa dawa ya kuwaponya hakuna. Kwa hivyo nawapikia, na malaria ikija nawasukuma hospitali hata kama wanasema ni kidogo. Hiyo ndio naweza.

Lakini sasa kuna shida nataka nikuambie. Tangu watu waone Makokha, wamama wanakuja kwangu. Walianza kuja kwa mlango ya nyuma, mmoja mmoja, wanajifanya wanaomba moto. Sasa wanakuja mbele. Hata yule mama alipangusa benchi amekuja, ako na mimba, alikaa akalia kabla hajasema jina lake. Wanataka kupimwa. Wengine wanauliza kama bwana amekataa kondomu wafanye nini. Wengine wanauliza kama ile dawa ya Nairobi itafika hapa lini. Rasoa anauliza kama yeye anaweza kunyonyesha mpaka lini. Nekoye anawafundisha akitoka shule, lakini anachoka.

Mimi yale najua nimewaambia yote. Imeisha. Yenye imebaki ni yale sijui, na safari hii sitatunga.

Usitume barua. Kuja wewe mwenyewe. Jumamosi ni mzuri, watakuwa wamejaa kwa uwanja.

Maurine anasema barua inamalizwanga na salamu. Salamu nimeweka hapa nyumbani, utakuja uchukue.

Ronika